Farasi Watano kwa Askari Mmoja: Kambi ya Wapanda Farasi wa Jeshi la Potomac, 1862–1863

Katika miaka miwili ya mwanzo ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, vilivyoanza Aprili 1861, Serikali ya Muungano, yaani ya majimbo ya Kaskazini, ilivikabidhi vikosi vyake vya farasi wanyama wapatao 284,000, ilhali idadi ya wapanda farasi waliokuwa vitani kwa wakati mmoja haikuzidi 60,000. Hesabu hiyo inatoa karibu farasi watano kwa kila askari, na mapigano ya kipindi hicho hayatoshi kuieleza. Risasi na mizinga ya majimbo ya Kusini iliua farasi wengi, lakini wengi zaidi waliharibika wakiwa mikononi mwa watu wao wenyewe, kwenye kamba za kufungia wanyama, katika matope, kwa njaa, kwa vidonda vya mgongoni na kwa kwato zilizooza. Kisa kinachochambuliwa hapa ni cha askari wa farasi wa Jeshi la Potomac, jeshi kuu la Muungano upande wa mashariki, tangu Oktoba 1862 hadi majira ya joto ya 1863, na sehemu kubwa ya maelezo inahusu kambi zao za baridi katika wilaya ya Stafford, Virginia. Nimekichagua kwa sababu ndani ya miezi hiyo michache kikosi kilekile, chenye watu walewale kwa sehemu kubwa, kilitoka katika hali ya kudharauliwa hata na askari wa miguu wa jeshi lake kikafikia kupigana na wapanda farasi wa Kusini siku nzima bila kukimbia, na sehemu kubwa ya mabadiliko hayo haikuanzia vitani. Ilianzia katika mambo ambayo wanahistoria wengi huyapita haraka: nani anamnywesha farasi, saa ngapi, na nani anaulizwa farasi huyo akikonda.

Kisa kinaanza na aibu. Baada ya pigano la Antietam la Septemba 17, 1862, Jenerali George McClellan, kamanda wa Jeshi la Potomac, alikaa na jeshi lake kando ya mto Potomac kwa zaidi ya wiki tano bila kusonga mbele. Katika muda huo, kati ya Oktoba 10 na 12, J.E.B. Stuart, kamanda wa wapanda farasi wa Kusini, alivuka mto akiwa na watu 1,800 hivi, akafika Chambersburg katika jimbo la Pennsylvania, akakusanya farasi wapatao 1,200 kutoka kwa wakulima, akalizunguka jeshi zima la McClellan na kurudi kwao salama. Alfred Pleasonton, aliyetumwa kumfukuza, aliwaendesha watu wake maili 78 kwa muda wa saa 24 na bado akamkosa, na farasi waliofanya safari hiyo hawakufaa tena kwa kazi nyingine kwa siku nyingi. Maradhi ya kwato na vidonda vya ulimi nayo yalikuwa yakienea katika mabanda. McClellan alipoipelekea Washington taarifa kwamba farasi wake wamechoka, Rais Abraham Lincoln alimjibu kwa simu ya maandishi akimwomba radhi kwa kumwuliza farasi wa jeshi lake wamefanya nini tangu Antietam hata wachoke. Siku chache baadaye Lincoln alilainisha maneno yake, akaeleza kwamba hakukusudia kumdhulumu mtu, ila alikumbusha kuwa jeshi hilo lilikwisha kupelekewa farasi wapya 7,918 katika wiki hizo za ukimya, na kwamba kuambiwa baada ya hapo kuwa wanyama hawawezi kutembea kulimkatisha tamaa.

Swali la Lincoln lilikuwa la haki kwa mtu aliyekaa Ikulu akihesabu fedha na wanyama, lakini lilijengwa juu ya dhana kwamba farasi asiyekwenda vitani anapumzika. Mtu aliyeishi katika kambi ya wapanda farasi alijua kuwa sivyo. Kwa msomaji wa Afrika Mashariki jambo hili lahitaji maelezo kidogo, kwa kuwa katika sehemu kubwa ya nchi zetu za bara mbung'o na maradhi ya farasi vimemzuia mnyama huyu asiwe wa kawaida. Askari wa Afrika Kusini waliokuja na farasi wao kupigana na Wajerumani mwaka 1916 na kufika hadi Kondoa waliwapoteza kwa maelfu kwa sababu hizo. Virginia haikuwa na mbung'o. Huko farasi alidhoofishwa na kazi isiyoonekana kuwa kazi, yaani kusimama.

Baada ya McClellan kuondolewa mwezi Novemba na Ambrose Burnside, aliyeshika nafasi yake, kushindwa vibaya huko Fredericksburg Desemba 13, jeshi lilirudi ng'ambo ya kaskazini ya mto Rappahannock na kujenga kambi za baridi katika vilima vya Stafford. Chakula na malisho vililetwa kwa meli hadi gati ya Aquia, kwenye mto Potomac, kisha kwa reli hadi karibu na Falmouth, na kutoka stesheni za njiani kwa magari ya kukokotwa na nyumbu. Kanuni ya jeshi ilimpa kila farasi ratili 14 za nyasi kavu na ratili 12 za nafaka kwa siku, jumla yake ikiwa kilo kama 12. Kwa farasi 10,000 peke yao hesabu hiyo ni tani zipatazo 118 kila siku iendayo kwa Mungu, mbali na wanyama wa mizinga na wa magari, na mbali na chakula cha watu. Siku njia za udongo mwekundu wa Virginia zilipolowa, magari yalizama hadi mhimili, nyumbu wakaanguka, na rejimenti zilizopiga kambi mbali na reli ndizo zilizokosa kwanza. Nafaka ilifika mara nyingi zaidi kuliko nyasi, kwa sababu gunia ni rahisi kubeba kuliko mafungu makubwa ya majani, lakini farasi aliyeshiba mahindi bila majani tumbo lake haliko sawa. Wanyama wenye njaa walitafuna magome ya miti waliyofungwa, wakatafuna kamba, na wakala nywele za mikia na za shingo za wenzao waliosimama kando yao.

Mwishoni mwa Januari 1863 hali ilifikia ukingoni. Burnside alijaribu kulisogeza jeshi tena Januari 20, mvua ikanyesha kwa siku kadhaa mfululizo, na jeshi zima likakwama katika tope hata likalazimika kurejea katika kambi lilizoziacha. Wahenga walisema mchama ago hanyele, huenda akauya papo. Askari waliokuwa wamebomoa vibanda vyao na kuacha takataka wakiamini kwamba hawatarudi waliyaona maana ya usemi huo ingawa hawakuwahi kuusikia. Waliingia katika magofu yao wenyewe, na farasi walifungwa tena mahali palepale palipokuwa pamejaa mavi na maji.

Siku ya askari wa farasi iliongozwa na tarumbeta, na mtu wa kombania aliijua kila milio kama anavyojua jina lake. Mlio wa kwanza ulipigwa kabla jua halijachomoza. Watu walitoka katika vibanda vyao vya magogo vilivyoezekwa kwa turubai za mahema, wanne hivi katika kila kibanda, wakajipanga kuitwa majina. Baada ya hapo askari wa miguu aliweza kuwasha moto na kuchemsha kahawa yake. Askari wa farasi aliitwa kwanza bandani. Aliondoa mavi, akampa mnyama nafaka, akachukua kitana cha chuma na burashi, na wakati mnyama anakula alimsugua mwili mzima huku sajini akipita nyuma ya mstari. Ndipo akaruhusiwa kula. Baadaye ukapigwa mwito wa wagonjwa, kisha mwito wa maji, na farasi wote wakapelekwa mtoni au kijitoni, kila mmoja akihitaji lita 30 au zaidi kwa siku. Yalifuata mazoezi ya miguu na ya farasi, zamu za ulinzi, kukata kuni na kuchota maji. Mchana mlo, kisha mazoezi tena, kisha maji tena, kisha banda tena, na hapo usuguaji wa jioni ulikuwa mrefu kama wa asubuhi. Usiku ulifungwa kwa mlio wa kuzima taa, ambao jeshi hilihili lilikuwa limeupata miezi michache nyuma, Julai 1862, katika kambi ya Harrison's Landing, pale Jenerali Daniel Butterfield alipoutengeneza pamoja na mpiga tarumbeta wake.

Posho ya mtu ilikuwa nyama ya nguruwe ya chumvi au ya ng'ombe, biskuti ngumu zilizohitaji kuvunjwa kwa kitako cha bunduki au kulowekwa ndani ya kahawa, maharage, wali mara mojamoja, sukari na kahawa. Kahawa ndiyo iliyopendwa kuliko vyote. Kando ya Rappahannock walinzi wa pande mbili, waliokuwa wakitazamana kwa ng'ambo ya maji, walitengeneza mashua ndogo za ubao zenye tanga la kitambaa au karatasi na kupelekeana bidhaa: kahawa kwenda kusini, ambako bandari zilikuwa zimefungwa na meli za Muungano, na tumbaku kuja kaskazini. Maofisa walikataza biashara hiyo mara nyingi, na haikukoma.

Kazi ya banda ndiyo iliyowatofautisha wapanda farasi na wengine wote, na hapo ndipo uchambuzi wa kisa hiki unapopata kiini chake. Wengi wa vijana waliojiandikisha katika majimbo ya Kaskazini walikuwa wafanyakazi wa mijini, makarani na mafundi. Hata waliotoka mashambani walizoea farasi wa kukokota jembe na magari zaidi kuliko wa kupanda. Walivutiwa na kitara, na buti ndefu, na fikra kwamba watapanda wakati wengine wanatembea. Hakuna aliyewaeleza kuwa kila mmoja wao atakuwa saisi, yaani mtunza farasi. Maofisa waliweza kuajiri mtu wa kuwafanyia kazi hiyo, na katika kambi za Stafford wengi walioajiriwa walikuwa watu Weusi waliotoroka utumwa katika mashamba ya Virginia na kuvuka mto kuja upande wa jeshi la Muungano. Maelfu walipita njia hiyo tangu masika ya 1862. Baadhi yao walikuwa wamewatunza farasi tangu utoto, na kwa kila hali walimjua mnyama kuliko mabwana waliokuwa wakiwalipa. Inasikitisha kwamba ujuzi huo ulitumika kwa farasi wa kanali, wakati kombania nzima ya vijana wa mjini ikijifunza kwa kuua.

Makosa yao yalikuwa madogo na yalijirudia. Chukua blanketi la tandiko. Lilikunjwa mara kadhaa hata likawa mto mnene, likawekwa mgongoni kwa kulitelezesha kutoka mbele kwenda nyuma ili manyoya yalale, ndipo tandiko la aina ya McClellan, ambalo jeshi lililipitisha mwaka 1859, likawekwa juu na mshipi ukakazwa. Tandiko hilo lina nafasi iliyo wazi katikati, juu ya uti wa mgongo, na likikaa sawa halimsumbui mnyama. Lakini kunjo moja la blanketi likijipinda chini ya ubao, au kijiti au tope kavu likibaki katika manyoya kwa sababu burashi haikupita vizuri asubuhi, uzito wa mtu, bunduki fupi, bastola, kitara, risasi, posho na gunia la nafaka vyote hukaa juu ya sehemu hiyo moja kwa saa nane au kumi. Jioni ngozi imevimba. Askari mwenye uchovu akilivua tandiko kwa ghafla wakati mgongo bado una joto, uvimbe huongezeka. Akimtandika tena kesho yake, ngozi hupasuka, na farasi huyo hatapandwa tena kwa wiki nyingi. Kosa hilo halikuonekana na mtu yeyote wakati linatendeka. Lilionekana siku mbili baadaye, na kufikia hapo hapakuwa na wa kumshika.

Kwato ziliharibika kwa njia nyingine. Farasi wa kambi alifungwa kwenye kamba ndefu iliyonyoshwa kati ya miti au nguzo, kombania nzima katika mstari mmoja, na baada ya wiki moja ya mvua ardhi ya chini ya mstari huo ilikuwa uji wa matope, mkojo na mavi. Ngozi ya nyuma ya kisigino ililainika, ikapasuka, ikaoza. Dawa yake ilijulikana na kila mkulima: hamisha mstari, au tandaza magogo membamba ardhini mnyama asimame pakavu, na mkaushe miguu kila jioni. Kuhamisha mstari kulihitaji watu wa kukata miti na kuchimba mifereji, na miti ya Stafford ilikuwa ikiisha kwa kasi kwa ajili ya vibanda na kuni. Kombania yenye kapteni aliyewasimamia watu wake ilikuwa na sakafu ya magogo na paa la matawi kwa ajili ya wanyama. Kombania ya jirani yake, yenye mvua ileile na malisho yaleyale, ilikuwa na farasi wanaochechemea. Tofauti hii ya jirani kwa jirani ndiyo inayonifanya nisikubali maelezo kwamba hali ya hewa peke yake ndiyo iliyowaangamiza.

Hata hivyo kapteni mzuri hakuweza kumlinda farasi wake dhidi ya ulinzi wa mbele. Mstari wa walinzi ulioizunguka kambi ya jeshi ulikuwa mrefu kupita kiasi, na ulikabidhiwa wapanda farasi. Mlinzi wa nje kabisa alikaa juu ya farasi wake kwa saa mbili, katika mvua au theluji, haruhusiwi kushuka. Akipokewa alirudi kwenye kundi la nyuma yake, ambako farasi walibaki wamekwisha kutandikwa na kutiwa lijamu kwa sababu adui angeweza kuja wakati wowote. Kwa siku kadhaa mfululizo mnyama hakuvuliwa tandiko ipasavyo, hakusuguliwa, na alikula kile kilichobebwa mgongoni mwake. Rejimenti ilipopokewa na kurudi kambini ilikuta nyasi hazijafika, ikapumzika kidogo, zamu yake ikaja tena. Juu ya hayo, kabla ya 1863 rejimenti za farasi ziligawanywa vipandevipande kwa majenerali wa askari wa miguu, kombania hii ikawa wasindikizaji wa jenerali fulani, ile ikawa ya tarishi, na mtu anayewahitaji farasi kwa kupeleka barua hakuwa na sababu ya kujali mgongo wa farasi asiye wake. Hivyo jibu la swali la Lincoln ni kwamba tangu Antietam farasi wale walikuwa wamesimama wakiwa na watu migongoni.

Upande wa Kusini mpango ulikuwa tofauti, na kuulinganisha kunasaidia. Huko askari alikuja na farasi wake mwenyewe, serikali ikimlipa senti 40 kwa siku kwa matumizi ya mnyama. Farasi akiuawa vitani, mwenyewe alilipwa thamani iliyokadiriwa siku ya kuandikishwa. Akifa kwa uchovu au ugonjwa, hasara ilikuwa ya askari, naye alipaswa kwenda kwao kutafuta mwingine, safari iliyoweza kuchukua wiki nyingi kwa mtu wa Carolina. Mwanzoni mpango huu uliwapa Kusini faida kubwa, kwa sababu mtu hamchezei farasi aliyemlea nyumbani kwake, na vijana wengi wa huko walikua juu ya tandiko. Lakini kadiri vita vilivyoendelea rejimenti zao zilijaa watu wasio na wanyama, na mtu mwoga alikuwa na sababu halali ya kutoka vitani. Kaskazini, farasi alikuwa mali ya serikali, aliyenunuliwa kwa zaidi ya dola 100, fedha zilizozidi mshahara wa miezi saba wa askari aliyelipwa dola 13 kwa mwezi. Na mara nyingi mtu aliyempoteza alipewa mwingine bila kuulizwa mengi. Wapo waliowaharibu makusudi ili wapelekwe katika kambi ya wasio na farasi, mbali na risasi. Nikiipima mipango yote miwili, naona umiliki haukuwa tiba. Kusini ilikuwa na wenye mali wasiokuwa na uwezo wa kuirudisha, Kaskazini ilikuwa na uwezo usiokuwa na mwenyewe.

Joseph Hooker alipopokea jeshi Januari 26, 1863, alianza na vitu vya kawaida kabisa. Amri yake ya mwanzoni mwa Februari iliagiza mkate laini utolewe angalau mara nne kwa wiki, viazi au vitunguu vibichi mara mbili, na mboga zilizokaushwa mara moja. Daktari mkuu wa jeshi, Jonathan Letterman, alisisitiza vibanda vipewe hewa, vyoo vichimbwe na kufukiwa, na kambi zilizochafuka zihamishwe, katika vita ambavyo hatimaye takriban thuluthi mbili ya waliokufa waliuawa na maradhi. Ruhusa za kwenda nyumbani zilitolewa kwa zamu, watu wawili kwa kila mia. Wakaguzi walipita katika rejimenti, na mwezi Machi zilitajwa hadharani zile zilizosifiwa na zile ambazo ruhusa zake zilisimamishwa kwa sababu ya hali yao mbaya. Kwa mara ya kwanza uchafu wa kambi uligusa kitu ambacho kila askari alikitamani.

Kwa wapanda farasi amri kubwa ilitoka Februari 5. Rejimenti zilizotawanyika zilikusanywa chini ya George Stoneman kuwa kikosi kimoja kikuu, chenye divisheni za Pleasonton, William Averell na David Gregg, na brigedi ya akiba ya askari wa kudumu iliyowekwa chini ya John Buford. Watu wengi huiona amri hii kama jambo la kivita, kwamba farasi 10,000 pamoja ni nguvu kuliko makundi 50 ya mamia mawili. Hilo ni kweli, lakini matokeo yake ya kambini yalikuja mapema zaidi. Sasa rejimenti ilikuwa na mkuu wa brigedi ambaye heshima yake ilitegemea idadi ya farasi wanaoweza kutembea, na aliyekuwa na sababu ya kukataa pale jenerali wa miguu alipotaka kombania ya kumbebea barua. Sheria ya mwezi Machi iliongeza daktari wa mifugo katika kila rejimenti ya farasi kwa mshahara wa dola 75 kwa mwezi. Nafasi hizo hazikujazwa kwa urahisi, kwa kuwa Marekani ya wakati huo ilikuwa na madaktari wa mifugo waliosomea kazi hiyo wachache mno, na katika rejimenti nyingi mhunzi wa kwato aliendelea kuwa daktari pia.

Mstari wa walinzi ulibaki udhaifu, na Kusini waliujua. Februari 25, Fitzhugh Lee, mpwa wa Robert E. Lee aliyekuwa kamanda wa jeshi la Kusini huko Virginia, alivuka Rappahannock akiwa na watu 400 hivi, akawavamia walinzi wa Averell karibu na Hartwood Church na kuondoka na mateka wapatao 150. Lee na Averell walikuwa wamesoma pamoja katika chuo cha kijeshi cha West Point na walikuwa marafiki, hivyo Lee alimwachia mwenzake barua akimtaka arudi kwao, na kama hataki kurudi, basi aje kumtembelea na amletee gunia la kahawa. Tukio hilo laweza kusomwa kama utani wa mabwana wawili, lakini mimi nalisoma kwa macho ya wale 150: watu waliokuwa wametawanyika juu ya farasi waliochoka, kila mmoja peke yake katika theluji, wakilinda mstari ambao hakuna aliyeweza kuulinda. Hooker alikasirika sana. Machi 17 Averell alivuka mto kwenye kivuko cha Kelly's Ford akiwa na watu wapatao 2,100, akapigana na brigedi ya Lee kwa saa kadhaa, na aliporudi aliacha gunia la kahawa na barua yake ya majibu. Hakushinda kabisa, maana alijitoa mapema kuliko ilivyopasa, lakini askari wake waliwashambulia Wakusini kwa vitara, uwanjani, na wakawaona wakirudi nyuma. Wiki sita za kula vizuri, kufanya mazoezi kama brigedi na kupanda farasi waliopona zilikuwa zimeanza kuonekana.

Aprili 13 Stoneman aliondoka na takriban watu 10,000 kwenda kukata njia za nyuma ya jeshi la Kusini. Mvua ilijaza mto, na kikosi kilingoja kando yake kwa wiki mbili, kikivuka Aprili 29 tu. Waliporudi katika wiki ya kwanza ya Mei, Hooker akiwa amekwisha kushindwa huko Chancellorsville, farasi waliotunzwa miezi miwili walikuwa hoi, na rejimenti nyingi hazikuweza kutoa hata nusu ya watu wake wakiwa juu ya wanyama wazima. Stoneman aliondoka, Pleasonton akachukua nafasi yake, farasi wapya wakaletwa kwa haraka. Juni 9, huko Brandy Station, vikosi hivyo vilivuka Rappahannock alfajiri na kumkuta Stuart hajajiandaa; pigano lilidumu hadi jioni, na jumla ya walioshiriki pande zote ilikaribia 20,000. Muungano ulirudi ng'ambo kwa hiari yake, na mmoja wa maofisa wa Stuart aliandika baadaye kwamba siku hiyo ndiyo iliyowapa wapanda farasi wa Kaskazini imani juu yao wenyewe na makamanda wao.

Ushujaa wa Juni haukumwokoa mnyama. Kati ya Mei na Oktoba 1863 rejimenti 36 za farasi za Jeshi la Potomac zilipokea farasi wapya 35,078, wakati watu waliokuwa kazini walikuwa kati ya 10,000 na 14,000. Henry Halleck, jenerali mkuu mjini Washington, aliikokotoa hesabu hiyo na kuona kwamba kama vikosi vyote vya farasi vya Muungano vingekwenda kwa mwendo huo vingehitaji farasi 435,000 kwa mwaka. Idara maalumu ya wapanda farasi ilikuwa imeundwa Julai 28, Stoneman akiwa mkuu wake wa kwanza, na bohari kubwa ikajengwa Giesboro, kando ya Potomac karibu na mji mkuu, ambako farasi waliokonda walirudishwa, wakatibiwa, wakapigwa viatu vipya na kutolewa tena. Ukaguzi ulizipanga rejimenti kwa daraja kulingana na hali ya wanyama wake, na aliyemtesa au kumpuuza farasi alitishiwa kuhamishiwa katika askari wa miguu. Adhabu hiyo ilichaguliwa vizuri, kwa kuwa hakuna mpanda farasi, hata yule aliyelalamika kila asubuhi bandani, aliyetaka kutembea.

Kilichobaki bila kutatuliwa ni ulinzi wa mbele. Philip Sheridan alipochukua kikosi hicho Aprili 1864, baada ya majira mengine ya baridi, safari hii katika kambi zilizozunguka Brandy Station penyewe, alikuta watu wako katika hali nzuri na farasi wamekonda. Mstari wa walinzi waliokuwa wakiushika ulikuwa na urefu wa karibu maili 60. Alikwenda kwa Jenerali George Meade, aliyekuwa sasa kamanda wa Jeshi la Potomac, akasema kazi hiyo si ya wapanda farasi wote, akabishana naye, na Meade, ingawa hakukubaliana naye kuhusu namna ya kuwatumia askari wa farasi, aliipunguza sehemu kubwa ya zamu hizo. Farasi walivuliwa matandiko na kupumzika kwa muda uliobaki kabla jeshi halijavuka mto Rapidan Mei 4.